Wembe wa Kukunja: Kunyolea, Kunoa na Kuutunza Katika Hewa ya Pwani ya Kusini

Wembe wa kukunja ni ule ambao bamba lake la chuma huingia ndani ya mpini unapofungwa, na ambao makali yake hayabadilishwi bali hunolewa. Ukitunzwa vizuri humtumikia mwenyewe kwa miaka mingi na huweza kurithiwa na mwanawe. Wengi wanaoanza kujifunza hudhani kwamba ugumu wote uko katika kuupitisha shavuni bila kujikata, ilhali jambo hilo hueleweka ndani ya wiki chache kwa mtu mwenye utulivu. Kinachowashinda ni matunzo. Anayeishi Mtwara, Mikindani, Lindi au Kilwa ana mzigo wa ziada, kwa sababu hewa ya bahari hubeba unyevu na chumvi, na chuma kinachofaa zaidi kwa wembe ndicho hicho kinachoshika kutu upesi. Kwa hiyo mwongozo huu unaeleza kunyoa hatua kwa hatua, lakini unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye ukaushaji na unoaji, maana huko ndiko nyembe nyingi huharibikia.

Kuujua wembe kabla ya kuununua

Bamba la wembe lina mgongo mnene upande mmoja na makali upande wa pili. Mwisho wa makali ulio karibu na mkono huitwa kisigino, na ule wa mbali huitwa ncha. Nyuma ya kisigino kuna shingo ambayo vidole hushika, kisha mkia uliopinda juu kidogo, na kati ya shingo na mkia hupita pini inayoshikilia mpini. Mgongo si pambo. Unapolaza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa jiwe kwa wakati mmoja, na uwiano wa unene wa mgongo na upana wa bamba ndio unaoamua pembe ya makali, ambayo kwa nyembe nyingi ni takribani digrii 16 hadi 18. Kwa sababu hiyo mnoaji wa wembe hakisii pembe kwa mkono kama anavyofanya mnoaji wa panga au wa patasi; kazi yake ni kuhakikisha mgongo hauinuki kamwe kutoka kwenye jiwe.

Upana wa bamba hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Anayeanza anafaa kuchukua wembe wa 5/8, yaani milimita 16 hivi, au wa 6/8, yaani milimita 19, wenye ncha ya mviringo, kwa kuwa ncha ya pembe kali huchoma sikio na kona ya mdomo kabla mkono haujazoea. Mashavu ya bamba huwa yamechimbwa kwa ndani pande zote mbili ili chuma kilicho karibu na makali kiwe chembamba. Zilizochimbwa sana ni nyepesi na hupinda kidogo zinapokutana na ndevu, na zilizochimbwa kidogo ni nzito na tulivu. Zote hunyoa vizuri, na uchaguzi ni wa mkono wako.

Miji iliyojenga jina lake kwa nyembe hizi ni Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani na Thiers ya Ufaransa. Tangu mwaka 1938 jina la Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani, hivyo neno hilo likiandikwa kihalali kwenye shingo ya wembe ni dalili ya kazi iliyofanywa huko. Jihadhari na nyembe za bei ya chini sana zinazong'aa mwili mzima: nyingi zina chuma laini kisichoshika makali, na mgeni wa kazi hii hujilaumu bure akidhani kosa ni la mkono wake.

Ukinunua uliokwishatumika, jambo ambalo mimi binafsi nalipendekeza kwa kuwa nyembe za zamani ni nyingi na chuma chake ni cha kuaminika, utazame kwenye mwanga wa mchana. Ulaze juu ya kioo uone kama makali yake ni ya mstari ulionyooka au yenye tabasamu dogo. Yakiwa yamebonyea katikati, uuache. Chunguza ufa, hasa kwenye kisigino. Kutu juu ya mgongo au shingoni husafishika, lakini vishimo vyeusi vilivyofika kwenye makali yenyewe vinamaanisha kwamba chuma cha hapo kimeliwa na makali yatakuwa yakimeguka kila unaponoa. Uangalie pia mgongo: kama umelika upande mmoja kuliko mwingine, mwenye wembe wa awali alinoa kwa kukandamiza, nawe utapata tabu kuurekebisha.

Fahamu pia kwamba wembe mpya kutoka dukani si lazima uwe tayari kwa kunyolea. Ni heri kununua kwa muuzaji anayeunoa mwenyewe kabla ya kuutuma, ili unyoaji wako wa kwanza ukufundishe makali sahihi yanahisije usoni. Asiyewahi kuhisi makali sahihi hana kipimo cha kujua kama alichonoa kimefika.

Kusugua kwenye kitambaa na ngozi

Kila kabla ya kunyoa, wembe husuguliwa kwanza kwenye kitambaa kigumu cha kitani au turubai, kisha kwenye ngozi. Kitambaa huondoa mabaki ya mafuta na unyevu, na ngozi hulainisha na kunyoosha ukingo wa makali ambao ni mwembamba mno kuonekana kwa jicho. Shughuli hii haiongezi makali yaliyokufa. Inayadumisha yaliyo hai.

Mikanda iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hii haipatikani kwa urahisi kusini, lakini fundi viatu mzuri anaweza kukukatia kipande cha ngozi ya ng'ombe chenye upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 50 hivi. Mwambie unataka ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, isiyopakwa rangi wala king'arishi, isiyo na mikunjo, yenye uso laini na sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Toboa tundu upande mmoja ukitundike kwenye ndoano imara, na upande wa pili uwe na kishikio. Asiye na ngozi achukue ukurasa wa gazeti usio na picha kubwa, auzungushie kwenye ubao ulionyooka, na asugue hapo. Vinyozi wa zamani katika nchi nyingi walifanya hivyo, na wino wa gazeti, ambao una masizi laini, hufanya kazi yake vizuri kuliko mtu anavyotarajia.

Vuta mkanda ukaze bila kuulegeza. Laza wembe bapa, mgongo na makali vikigusa ngozi, kisha uusukume mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Mwisho wa mkanda, ugeuze wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, bila kuuinua, ndipo uurudishe. Ukiuzungusha upande wa makali utakata ngozi na kuharibu ukingo kwa wakati mmoja. Shingo ya wembe huviringishwa kati ya gumba na kidole cha shahada, na kiganja hakipindi. Kwenda na kurudi huhesabiwa mara moja: mara 20 hadi 30 kwenye kitambaa na mara 50 hadi 60 kwenye ngozi zinatosha. Anza polepole kabisa, maana kasi huja yenyewe, na anayeharakisha huukunja ukingo bila kujua mpaka aone ndevu zinavutwa badala ya kukatwa. Usiikandamize ngozi, uzito wa wembe pamoja na mguso mdogo tu wa mkono vinatosha.

Maji, sabuni na uso

Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvichumvi, na maji ya namna hiyo hukataa kutoa povu la kudumu na huacha utando mweupe usoni. Kinga maji ya mvua. Wakazi wa Newala na Tandahimba, ambao kwa miaka mingi wamekinga mvua kwa sababu ya shida ya maji juu ya Uwanda wa Makonde, wana maji mazuri kuliko yote kwa kunyolea, na lita moja ya maji hayo inatosha kwa unyoaji mzima.

Nyoa baada ya kuoga, au kanda uso kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika tatu hivi, kwa kuwa unywele uliofyonza maji hukatika kwa nguvu ndogo zaidi kuliko mkavu. Sabuni ya mche ya kufulia huchubua. Tafuta sabuni au krimu ya kunyolea, na brashi. Kung'uta maji ya ziada kwenye brashi, izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha ijenge povu usoni ukiongeza maji tone kwa tone mpaka liwe zito na lenye kuteleza kama tui la kwanza la nazi. Povu lenye mapovu makubwa ni hewa tupu na halilindi ngozi. Katika joto la mchana wa Lindi au Masasi povu hukauka upesi, kwa hiyo paka upande mmoja wa uso, unyoe, ndipo upake mwingine.

Kunyoa, sehemu kwa sehemu

Siku moja kabla ya kuanza, pitisha vidole usoni ujue ndevu zako zinalala kuelekea wapi. Shavuni huwa zinashuka, lakini chini ya taya na kooni huweza kwenda pembeni, kupanda juu au kuzunguka, na kila mtu ana ramani yake. Upande ambao vidole huteleza ndio mwelekeo wa ndevu. Upande unaokwaruza ni kinyume chake.

Fungua wembe mpaka mpini uelekee juu. Weka vidole vitatu juu ya shingo, kidole cha mwisho juu ya mkia, na gumba chini ya shingo karibu na kisigino. Mshiko uwe thabiti lakini usiwe wa kukaza. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, mlango ukiwa umefungwa, mtoto au mtu yeyote asije akakushtua.

Laza bamba bapa shavuni, kisha inua mgongo mpaka nafasi kati yake na ngozi iwe takribani mara mbili ya unene wa mgongo wenyewe. Hapo umefika karibu digrii 30. Pembe ikiwa ndogo mno wembe utavuta ndevu; ikiwa kubwa mno utakwangua ngozi. Kwa mkono mwingine vuta ngozi ikaze, na hili nalisisitiza kuliko jambo jingine lolote la sehemu hii, kwa maana ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali na ndiyo inayokatwa. Teremsha wembe kwa miondoko mifupi ya sentimita mbili au tatu, kufuata mwelekeo wa ndevu. Usiuburute kamwe kwa urefu wa makali, kushoto au kulia, hata kwa milimita chache, kwani mwendo huo ndio unaopasua ngozi.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, kuanzia sharafa hadi juu ya mstari wa taya, na sehemu nyingine umalizie kwa kifaa ulichozoea. Kwa shavu la kulia vuta ngozi kwa mkono wa kushoto uliopitishwa juu ya kichwa. Kwa shavu la kushoto aidha badilisha mkono, jambo linalofaa kujifunza mapema, au pitisha mkono wa kulia mbele ya uso. Wiki ya pili ongeza taya na koo. Inua kidevu, vuta ngozi ya koo kuelekea chini, na uwe mwepesi zaidi juu ya koromeo. Ni vyema kuisogeza ngozi pembeni ili iliyokuwa juu ya koromeo ikae mahali tambarare. Kidevu na sehemu ya sharubu huachwa mwisho. Kwenye kidevu mfupa ni wa mviringo na ndevu ni nene, kwa hiyo miondoko iwe ya sentimita moja tu, nawe ukivuta mdomo wa chini ndani juu ya meno. Kwa sharubu, sukuma pua juu kidogo kwa kidole na utumie sehemu ya makali iliyo karibu na ncha.

Ukimaliza mpito wa kwanza, suuza, paka povu upya, na ukitaka unyoe mara ya pili kwa kukata mwelekeo kutoka pembeni. Ushauri wangu kwa watu wenye nywele za kujisokota, ambao ndio wengi wetu, ni kuishia hapo. Mpito wa tatu, wa kwenda kinyume na ndevu, hukata unywele chini ya uso wa ngozi, na unywele uliojisokota unapokua tena hugeuka na kuchoma ngozi kutoka ndani. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyotokea kooni. Uso unaoacha mkwaruzo mdogo jioni ni bora kuliko koo lililojaa vipele na madoa meusi. Mwenye vipele tayari aache kunyoa mpaka vipone, na vikiwa na usaha aende kituo cha afya. Mwenye ngozi inayotoa makovu ya kuvimba asianze kabisa na wembe huu kabla ya kuzungumza na daktari.

Suuza uso kwa maji baridi, kisha pitisha kipande cha shabu kilicholoweshwa. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo. Mkato wenye kutoa damu zaidi ubane kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kuuchungulia.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Ndugu wa nyumba moja hupenda kuazimana vitu, lakini kifaa kinachogusa damu hakiazimwi: virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kubaki hai kwenye uso mkavu kwa siku saba au zaidi, na virusi vya UKIMWI navyo ni sababu ya kutosha peke yake. Kinyozi anayehudumia wengi atumie kishikio kinachowekewa wembe mpya kwa kila mteja. Dawa za klorini za kusafishia choo na nguo huua vijidudu lakini hula chuma cha wembe, kwa hiyo futa bamba kwa spiriti ya asilimia 70.

Kuukausha na kuupaka mafuta

Chuma cha wembe kina kaboni nyingi ili kiwe kigumu, na hakina kinga ya kutosha dhidi ya kutu. Chumvi, iwe ya maji ya kisima, ya jasho au ya upepo wa bahari, huvunja utando mwembamba unaokilinda chuma na kuanzisha vishimo. Makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, hivyo kutu ambayo mgongoni ingeonekana kuwa doa dogo, kwenye makali tayari ni pengo. Wembe unaweza kuwekwa ukiwa mkali Jumapili na kuvuta ndevu Jumapili inayofuata bila ya kutumiwa hata mara moja.

Utaratibu baada ya kila kunyoa ni huu. Suuza bamba kwa maji ya mvua, au yaliyochemshwa na kupoa kama mvua haipo, lakini uepuke maji ya chumvi katika suuzo la mwisho. Usiingize mpini ndani ya maji, maana maji yanayoingia kwenye pini hayatoki kwa urahisi. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kuanzia mgongoni kuelekea makali, wala si kinyume chake. Pitisha pembe ya kitambaa katikati ya mpini na kuzunguka pini. Mimina matone machache ya spiriti juu ya bamba na shingo, kwa kuwa spiriti hujichanganya na maji yaliyobaki na kukauka pamoja nayo. Sugua mara kumi kwenye kitambaa cha kitani na mara kumi kwenye ngozi. Kisha uache wembe wazi, mbali na bafu, mahali penye hewa na pasipofikiwa na mtoto, kwa saa moja au mbili kabla ya kuufunga.

Kwa anayenyoa kila siku, hatua hizo zinatosha wakati wa kusi, hewa inapokuwa kavu kiasi. Katika msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, tone la mafuta ni la lazima, na kwa yeyote asiyenyoa kila siku ni la lazima mwaka mzima. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, yanayopatikana katika maduka ya vifaa vya ushonaji. Mafuta ya nazi yamejaa kila nyumba ya pwani na mkono huyakimbilia, lakini baada ya muda huchacha na kuganda, na utando wake hunata kwenye ngozi ya kusugulia. Paka utando mwembamba pande zote mbili za bamba, tone moja kwenye pini, fungua na funga mara kadhaa, kisha futa yaliyozidi. Usiuhifadhi ndani ya mfuko wa ngozi wala wa plastiki, kwa kuwa mifuko hiyo hufungia unyevu ndani. Sanduku la mbao lenye pakiti za chembechembe za kufyonza unyevu, zile zinazowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya, linafaa sana. Ngozi ya kusugulia nayo hushika ukungu wakati wa mvua: itundike penye hewa, ifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, na usiianike juani kwa kuwa itakakamaa.

Madoa mepesi ya kutu huondolewa kwa dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa, au kwa msasa wa maji namba 2000 uliolowa mafuta, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makali huku vidole vikiwa nyuma ya makali wakati wote.

Kunoa kwenye jiwe

Kwa anayenyoa kila siku, makali huhitaji jiwe baada ya miezi miwili au mitatu. Dalili ni kwamba wembe huanza kuvuta ndevu, na kuusugua kwenye mkanda wa ngozi hakusaidii tena. Usiupeleke kwa mnoaji wa visu mwenye gurudumu la kuzungusha wala usiruhusu mtu auguse kwa grainda. Gurudumu huondoa chuma kingi kuliko unachomaliza kwa miaka, na joto lake hulainisha makali kiasi kwamba hayatashika ukali tena. Hata fundi mchonga vinyago, ambaye hunoa patasi na tezo kwa ustadi mkubwa, hunoa kwa pembe anayoishikilia mwenyewe, nao mkono wake lazima ujifunze upya kwa wembe.

Mawe ya kutengenezwa hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chembe zake zilivyo laini. Namba 1000 hujenga makali kwenye wembe ulioharibika au butu kabisa. Namba 4000 au 5000 huondoa mikwaruzo yake. Namba 8000 hulainisha. Namba 12000 humalizia. Wembe uliokuwa mzuri ukapoteza makali kidogo hauhitaji kuanzia mwanzo, bali 8000 na 12000 tu. Ukiwa na uwezo wa kununua jiwe moja kwa sasa, liwe la 12000.

Kwanza linyooshe jiwe. Jiwe lililobonyea katikati haliwezi kunoa kitu kilichonyooka. Chora mistari ya penseli juu yake, gundisha msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, ule ule ambao mafundi rangi za magari hutumia, mwaga maji, usugue jiwe mpaka mistari yote ifutike. Fanya hivyo kila unapokusudia kunoa.

Mwaga maji juu ya jiwe, ulaze wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa. Hapa mwelekeo ni kinyume cha ule wa ngozi: makali hutangulia, mgongo hufuata. Kwa sababu makali mara nyingi ni marefu kuliko upana wa jiwe, anza na kisigino kikiwa juu ya jiwe na umalize na ncha, ukiuvuta wembe kimshazari ili kila sehemu ipate mpito sawa. Mwishoni ugeuze juu ya mgongo na urudi. Mguso uwe mwepesi. Ukikandamiza bamba litapinda na mgongo utalika.

Ili kujua kama jiwe linagusa mahali panapotakiwa, paka wino wa makapeni kwenye ukingo wa makali pande zote mbili, pitisha mara moja au mbili, kisha tazama. Wino ukibaki kwenye ukingo wenyewe, makali bado hayajafikiwa. Ukibaki kwenye kisigino tu au ncha tu, mkono wako unaegemea upande mmoja.

Kwenye namba 1000 endelea mpaka makali yanyoe malaika ya mkono kwa urahisi uleule kuanzia kisigino hadi ncha, pande zote mbili. Usiondoke hapo kabla jambo hili halijatimia. Kosa linalowapotezea wanafunzi muda mwingi kuliko yote ni kukimbilia mawe laini. Jiwe la 12000 hulainisha kilichopo, na kama pande mbili za makali hazijakutana, utasugua siku nzima bila faida. Pande mbili zikikutana, kila jiwe linalofuata linahitaji mipito 20 hadi 40, ukipunguza uzito wa mkono kadiri unavyopanda, hata kwenye jiwe la mwisho ubaki uzito wa wembe peke yake. Osha wembe na mikono kila unapobadilisha jiwe, kwa sababu chembe moja ya jiwe gumu ikifika kwenye jiwe laini huacha mkwaruzo utakaouhisi shavuni. Malizia kwa mipito 60 kwenye mkanda wa ngozi, na jaribio la kweli liwe ni kunyoa: wembe ukipita kimya au kwa mlio laini bila kuvuta, umefika, ukivuta, rudi kwenye 8000.

Mpini na pini

Mpini wa plastiki ya zamani huweza kupasuka, na mwingine hutoa hewa inayoshikisha bamba kutu. Mpingo, unaopatikana kwa wachongaji wa Mtwara na Lindi, ni mzito, haunywi maji kwa urahisi na hustahimili kazi hii vizuri. Mpini una vipande viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 3 hivi, kabari ndogo upande wa nyuma, na pini ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.6. Toboa vipande vyote viwili vikiwa vimebanwa pamoja ili matundu yalingane, piga msasa, na upake mafuta kabla ya kuunganisha. Pini hugongwa kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mengi mepesi, upande huu na huu kwa zamu, mpaka kichwa chake kivimbe juu ya vishikizo vya shaba, yaani washa ndogo zinazovalishwa pini kila upande. Wembe ufunguke na kusimama popote unapouachia bila kuanguka wenyewe, na unapofungwa makali yaingie katikati pasipo kugusa mbao upande wowote. Yakigusa, tia kabari nyembamba zaidi upande mmoja kuliko mwingine, au ulegeze pini na kuigonga upya, kabla ya kuutumia hata mara moja.